Sifuri

Nimepewa dodoso la maswali ishirini na manne,
penseli tatu, na biskuti za kuwahonga watoto
(kwenye mwongozo wameandika "motisha").
Nimeketi nyuma ya stoo ya mahindi ya shule, hapa Ntyuka,
ambako nyundo za kokoto huanza kabla ya kengele
na hazijui mapumziko.

Kila swali lina vyumba vitano.
Sifuri: hainisumbui kabisa.
Nne: inanisumbua sana.
Mtoto achague chumba, mimi nitie vema,
jioni nijumlishe msongo wa kila mgeni
niupeleke mjini, kama mtu apelekaye maziwa
yakapimwe maji.

Wa kwanza Shamsa, binti wa dereva
aliyehamia na wizara yake kutoka Tandika.
Huyu hakuhitaji biskuti.
Vumbi: nne. Midomo kupasuka: nne.
Mlenda Jumatatu, mlenda Jumanne: nne, andika nne.
Wanasema naongea kama redio. Nne.
Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta,
akauliza kama kuna maswali mengine.
Sitini na moja.

Wa pili ametoka Kwa Mtoro, mama yake anaponda mawe.
Daftari la mahudhurio linamwita Onesmo.
Jina la nyumbani alinitajia mara moja:
linaanza kwa kidoko,
kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya kinywa.
Nikamwomba arudie.
Akatazama dirisha la darasa la nne.
"Onesmo," akasema.

Je, wenzako hukucheka unavyozungumza?
Hapana.
Je, kuna siku unaona heri unyamaze?
Hapana.
Je, unatamani kurudi kwenu?
Hapana, mwalimu.
Mimi si mwalimu.
Ndiyo, mwalimu.

Wakapita wavulana wawili na ndoo za maji
wakipiga vidoko, tko, tko,
kama wanaoswaga punda.
Hakugeuka.
Sikio lake la kushoto ndilo lililocheza,
sikio peke yake.
Akavunja biskuti katikati,
nusu akala, nusu akaitia mfukoni,
akangoja swali.

Mama yangu aliuza uwele soko la Majengo.
Alikuwa akiniambia: usiliamini debe kwa kutazama mdomo,
ligeuze, uone kitako kama hakijabonyezwa ndani.
Nimeligeuza dodoso.
Nyuma ni jeupe.

Nilipokuwa darasa la tatu, Mvumi,
nilivalishwa kibao shingoni siku nne
kwa kumwamkia shangazi "mbukwa" kupitia uzio.
Shangazi alikuwa ameleta karanga.
Siku ya pili alipopita nilijifanya namtafuta mtu mwingine.
Wiki ile angekuja mgeni na penseli tatu
akaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili safi, nasumbuliwa na nini,
ningempa sifuri,
na sifuri,
na asante.

Swali la mwisho halina vyumba, lina mstari tu:
Kuna jambo jingine ungependa kusema?
Onesmo akainua ulimi.
Niliuona ukigusa kaakaa, ukakaa pale
muda wa nyundo tatu, labda nne.
Kisha akaushusha
akauliza kama anaweza kwenda.

Jumla yake: sifuri kati ya tisini na sita.
Kwa mujibu wa jedwali, huyu ni mtoto salama.
Kwenye ule mstari nikajaribu kuandika alichokimeza.
Nikaandika t, nikafuta.
Nikaandika k, nikaweka mshangao, nikafuta,
nikafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Mjini, karani wa takwimu aliiinua fomu dirishani.
Jicho lake likanitazama kupitia tunduni.
"Dada, hapa umeandika sifuri,
au pametoboka?"